NANI ALISEMA ARDHI HII NI TUPU?



Kila Mkristo wa Uvira anaijua habari ya Nabothi tangu katekisimo. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake la mizabibu, naye akakataa kutoa urithi wa baba zake. Barua zikaandikwa, zikapigwa mhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo wakaletwa, mwenye shamba akauawa. Tazameni vizuri: karatasi ilitangulia, mawe yakafuata.

Kwetu karatasi hiyo ni ya tarehe 1 Julai 1885. Leta ya Mfalme Leopold iliandika kwamba ardhi tupu ni mali ya Serikali. Tupu! Shamba lililolazwa lipate nguvu, pori la kuwinda, malisho ya mlimani, pwani ya kuanikia ndagala: machoni mwa Leta vyote hivyo vilikuwa havina mwenyewe. Wavira, Wafulero na Wabembe hawakuulizwa. Mwaka 1928 ikaundwa Komite Nasionali ya Kivu, na wakoloni weupe wakagawiwa mashamba.

Na Kanisa? Tuseme haki. Mapadri Weupe waliojenga Kibanga mwaka 1883 walikomboa watoto waliouzwa utumwani. Lakini tarehe 26 Mei 1906 Roma ilifanya mapatano na Leta hiyo hiyo: misioni zifungue shule, na kila misioni ipewe bure hektari 100 za kulima, hata 200. Bure kwa nani? Aliyetoa hakuwa mwenye shamba. Nasi tuliosoma kwa mapadri tumekula mihogo ya mashamba hayo, kwa hiyo hatusemi kama watu wa nje.

Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ilikataa wazi ile iliyoitwa haki ya uvumbuzi, iliyosimamishwa juu ya barua za mapapa wa karne ya 15. Barua ya mwaka 1455 ilimruhusu mfalme wa Ureno kuteka nchi za wasio Wakristo huku Afrika. Neno la Vatikani ni jema, ingawa lilichelewa zaidi ya miaka 560. Lakini lilisemwa Roma. Zakayo hakukiri tu; aliahidi kurudisha mara nne.

Wenzetu wa migodini, msipige makofi haraka. Bendera ilibadilika mwaka 1960, na sheria ya 1973 ikaandika tena kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Huko kaskazini, upande wa Bukavu, mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970. Mwaka 1975 ikapanuliwa toka hektari 60,000 hadi 600,000. Watwa wakafukuzwa katika msitu wao. Safari hii waliotia sahihi walikuwa weusi kama sisi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi wake kwamba Kongo ilivunja haki za Watwa hao. Je, wangapi kati yetu hukaa benchi moja na Mtwa siku ya Dominika? Wangapi humlipa kibarua chake sawa na mwingine?

Sisi makarani tunaujua mchezo huu. Ramani ikiletwa ofisini, mahali pa kijiji huwa peupe. Tumeandika namba juu ya weupe huo kwa mwandiko mzuri wa shule ya misioni, kisha tukashangaa watu walipokuja mlangoni kulilia mashamba yao.

Basi tunaomba kila parokia na kila kanisa la Kiprotestanti, toka Uvira hadi Baraka na Fizi, litoe karatasi za ardhi yake na kuzisoma kwa sauti mbele ya Mwami na wazee: ilipatikana mwaka gani, toka kwa nani, kwa malipo gani. Watwa waitwe, tena wapewe viti vya mbele. Penye shamba lisilolimwa ambalo wenyewe wapo, lirudishwe. Barua ya kanisa la kwanza litakalofanya hivyo tutaichapa katika ukurasa huu.