Sheria ya shimo iko katika Biblia

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mistari ya 33 na 34, kuko sheria ya shimo. Mtu akichimba shimo, au akifungua lile la zamani, akaliacha wazi, na ng'ombe au punda wa mwenzake akaanguka ndani, ni mwenye shimo anayelipa. Hakuna kusema ni shetani, hakuna kusema ni bahati mbaya. Analipa.

Sisi watu wa sendika tunasoma mistari hiyo karibu kila mara tunapofika kwenye machimbo, na kila mara tunaona wachimbaji wanaangaliana. Walibatizwa, wamesikia mahubiri miaka na miaka, lakini hakuna aliyewaambia kwamba Biblia inajua kazi yao. Walisikia juu ya Yona ndani ya samaki na Danieli kati ya simba. Juu ya shimo lenyewe, hapana. Hata Yobu, sura ya 28, anaeleza watu wanaoshuka chini ya ardhi mbali na wenzao, wakining'inia, wakipeleka mwanga pahali pa giza ili kutafuta mawe ya bei. Mchimbaji wa Kampene akisikia hayo hahitaji mtu wa kumfasiria.

Kwetu Maniema sala hazikosi. Jumapili ukipita Kasuku au Mikelenge, au ukivuka Lualaba kwenda Alunguli, unasikia nyimbo tangu asubuhi: Wakatoliki, Wametodisti, Wakimbangu, makanisa ya uamsho. Kwenye machimbo pia watu wanasali kabla ya kushuka. Shida yetu ni kwamba Neno linabaki pale juu, kwenye mdomo wa shimo. Halishuki pamoja nasi, na tukipanda na mfuko mgongoni halifuatani nasi mpaka kwenye balansi.

Tuanze na kushuka. Mwaka 1982 serikali ya Zaire iliruhusu raia kuchimba kwa mikono. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka kwenye soko la dunia, na SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani, ikaanza kudhoofika mpaka ikamalizika mwaka 1997. Tangu pale watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa kampuni wanachimba kwa patasi, nyundo na beleshi, Kalima, Kailo, Punia, mara nyingi pahali palepale pazee walipochimba baba zao. Njo maana neno lile la Kutoka, juu ya yule anayefungua shimo, linatugusa sana. Kwetu mashimo ya zamani yanafunguliwa kila msimu, na udongo wake ulikwisha kulegea.

Shimo la namna hiyo linataka miti ya kulishikilia. Kukata miti, kuibeba na kuipanga kunakula siku, na siku hiyo hakuna mtu anayepata mfuko. Mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, anaona amepoteza. Na hapa kumeingia desturi tunayoikataa: badala ya miti wanaleta nabii. Anakuja na mafuta, anazunguka shimo, analipwa, anarudi Kindu na moto. Shimo likianguka wanasema kati ya wachimbaji kulikuwa mmoja aliyelala na mwanamke usiku. Marehemu anazikwa na aibu ambayo si yake.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inasema kinyume. Ukijenga nyumba, weka ukingo kuzunguka paa, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Haikuandikwa mjenzi amwite nabii aombee paa. Iliandikwa aweke ukingo. Tunaheshimu sala, sisi wenyewe tunasali, lakini mti wa kushikilia shimo ni utii kwa mstari huo, na PDG anayenunua miti kabla ya kununua mafuta ya nabii amesoma Biblia vizuri kuliko wengi wanaoipiga kwa mkono wakihubiri.

Tulifuatana na mama mmoja mjane, katika machimbo ambayo hatutayataja. Bwana yake alifia chini. Mwenye shimo, ambaye ni mzee wa kanisa lake, alileta jeneza, mchele na turubai ya matanga. Alisali kwa muda mrefu, tena kwa machozi, na hatusemi kwamba alikuwa akidanganya. Lakini kulikuwa mifuko ya wiki nzima ambayo marehemu na wenzake waliipandisha kabla ya ajali, na juu ya sehemu ya marehemu hakuna aliyeongea. Tulipouliza tukajibiwa: "Bandugu, muache mama alie kwanza." Tukamuacha alie siku arobaini. Kisha tukaenda kwa wazee wa kanisa lile, tukafungua Kutoka 21, tukawaomba wasome wao wenyewe kwa sauti. Waliposoma, mmoja akasema: kama punda analipwa, mtu je? Mwenye shimo alilipa kwa mara tatu. Hatukwenda tribinali, wala hatukupiga kelele. Mama yule leo anauza sombe na samaki, na mtoto wake mkubwa amerudi kwenye masomo.

Sasa balansi. Hapa tutakaa kidogo, juu ndipo nyumba nyingi zinapoumizwa kila wiki bila damu kuonekana.

Kumbukumbu la Torati 25, kuanzia mstari wa 13, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ndani ya mfuko wake, moja zito na moja jepesi. Zamani walipima kwa mawe: lile zito la kununulia, lile jepesi la kuuzia. Walawi 19 inarudia jambo hilo. Nabii Amosi, sura ya 8, anawakuta wafanyabiashara wanaongoja sabato ipite haraka ili warudi kwenye mizani zao za uongo. Sisi tunawajua watu hao. Siku hizi mawe mawili yamekuwa balansi mbili. Mchimbaji anapima kasiterite yake kambini, anafika kwa negosia na kilo zimepungua. Akiuliza, anaambiwa ni maji, ni mchanga, ni chuma. Kweli maji yanaweza kuwamo, na chuma pia. Lakini nani alipima maji? Mnunuzi mwenyewe. Nani anasema asilimia ya bati ni ngapi? Ni yeye tena. Mchimbaji anabaki amesimama na kofia mkononi sawa vile mtoto wa masomo mbele ya mwalimu.

Tuseme na upande wa pili, tusionekane kama hatuna macho. Wako wachimbaji wanaolowesha mfuko makusudi, wako wanaochanganya mchanga mweusi. Hawa nao wana jiwe la pili, na sendika haitawasimamia. Tumewaambia hivyo wazi mbele ya wenzao.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Maniema tangu siku za Kasongo, wanajua jambo hili vizuri. Sura ya 83 ya Kurani imepata jina lake kutokana na wanaopunja katika vipimo. Siku tuliyoongea juu ya balansi kwenye machimbo, mzee mmoja Mwislamu ndiye aliyesimama kwanza kutuunga mkono. Basi mtu asitufanye tugombane juu ya dini wakati tuko na mwizi mmoja.

Halafu malipo yenyewe. Torati 24, mistari ya 14 na 15, inadai maskini anayefanya kazi alipwe siku ileile, jua lisitue kabla hajapewa, kwa sababu roho yake iko kwenye ule mshahara. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika kwa Mungu. Papa Leo XIII alipoandika barua yake Rerum Novarum mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alitegemea neno hilo la Yakobo. Kwetu jua linatua mara nyingi. Mchimbaji anaambiwa: ngoja negosia aje. Negosia anasema: ningoje kontwari. Kontwari inasema bei huko nje imeshuka. Wakati huo chumvi, unga, dawa ya mtoto, vyote vinachukuliwa kwa deni, tena kwa bei ya juu, na mara nyingi kwenye duka la mtu wa palepale. Mwezi wa tisa 2010 Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, kazi ililala mpaka mwezi wa tatu 2011. Deni halikulala. Kuna watu waliorudi shimoni tayari wakiwa mali ya mwenye duka.

PDG watatujibu kwamba wao pia wamefungwa: wanalisha watu wiki nyingi kabla ya kuona jiwe, wanalipa pampu, wanalipa karatasi, wanalipa vizuizi njiani. Ni kweli. Tumekaa na wengine wao na tumeona madaftari yao. Lakini deni la mkubwa kwa mkubwa mwenzake halimpi ruhusa ya kulimalizia kwenye sahani ya mtoto wa mchimbaji. Yakobo anaongea na wenye mashamba, na hakuwaachia nafasi ya kusema kwamba wao pia wanadaiwa.

Wako wanaotuuliza kwa kucheka: "Sasa sendika nayo imekuwa kanisa?" Hapana. Lakini wasisahau kwamba katika inchi hii sendika na imani zilitembea pamoja. Kabla ya mwaka 1967, serikali ilipoziunganisha sendika zote kuwa moja, iliyokuja baadaye kuitwa UNTZA, kulikuwa UTC, sendika ya wafanyakazi Wakristo. Vijana wa JOC walifundishwa kuangalia, kupima na kutenda. Wengi kati yetu tulijifunza kuongoza mkutano katika mashirika ya parokia, kusoma Injili usiku kwa taa ya mafuta na kuulizana: neno hili linatudai nini kesho? Swali hilohilo tunalileta kwenye machimbo. Pasta au padri anayeogopa kulijibu mbele ya PDG, kwa sababu PDG ndiye aliyenunua bati za paa la kanisa, tunamuelewa, lakini hatumuonei wivu.

Tunachoomba kwa sasa ni kidogo. Kila machimbo iwe na balansi moja ya ushahidi, iliyokaguliwa, isiyo ya mnunuzi wala ya PDG, na mfuko upimwe juu yake kabla ya kwenda kwa negosia. Koperative zinunue kwa mchango. Makanisa na misikiti ya pale, yanayokusanya sadaka kila wiki kutoka kwa wachimbaji haohao, yatoe sehemu. Sehemu ya mchimbaji aliyefia shimoni iandikwe kwenye daftari siku ileile, na wazee wa dini yake watie sahihi.

Tumekwisha kuongea na koperative mbili. Wamekubali balansi, wamebisha juu ya nani atailinda usiku. Sisi tunapendekeza wale bamama wanaopika chakula kambini. Wao wanajua kila wiki nani amelipwa na nani bado, maana ni kwao wote wanakula deni, na PDG na negosia wanakula palepale pia.