Ajali Hii Ina Kinga

Ipo methali moja ambayo imegeuzwa kuwa kichaka cha wazembe: ajali haina kinga. Hutamkwa makaburini, huandikwa katika taarifa za uchunguzi, na baada ya hapo jalada hufungwa. Wahenga walimwachia neno hilo mtu aliyekwisha kutahadhari kwa kadiri ya uwezo wake, ili apate faraja pale alipozidiwa na mambo. Hawakumwachia ofisa aliyetia sahihi pasipo kukagua. Na kwa upande wa moto unaozaliwa na cheche ya umeme mahali penye mvuke wa petroli au gesi ya kupikia, methali hiyo haina nafasi hata kidogo. Ajali ya namna hiyo ina kinga, na kinga yake imejulikana kwa zaidi ya miaka 100.

Yafaa jambo hili litazamwe kutoka mahali kama Igawa, katika Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Igawa ipo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ambayo hupita Iringa na Makambako kabla ya kushuka katika tambarare za Usangu. Njia hii ni njia ya mafuta tangu zamani. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao haramu Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya kusini, na madumu ya mafuta yakaanza kupanda malori kupitia nyanda hizi. Mwaka 1968 likaanza kazi bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likiwa na vituo vya kusukuma mafuta Iringa na Mbeya. Bomba halikuyaondoa malori. Mpaka leo matangi ya petroli na ya gesi hupita usiku na mchana kuelekea Zambia, Malawi na Kongo.

Lakini siku hizi hatari haipiti njia tu; imeshuka garini na kufanya makazi. Miji midogo ya barabara hii hutegemea vituo vya mafuta. Mitungi ya gesi huuzwa dukani, jirani na sukari na sabuni. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema. Mama anayepofuka kwa moshi na misitu inayoteketea ni hoja tosha. Swali ni hili: je, gesi inapoingia katika jengo, nani ameutazama umeme wa jengo hilo?

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Gesi ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa. Vitu hivi vinapovuja havipai juu na kupotelea dirishani kama moshi. Hutambaa sakafuni, hujaa mashimoni na mitaroni, na kusubiri. Mvuke wa petroli huwaka unapofikia kiasi cha sehemu 1.4 katika kila sehemu 100 za hewa, na gesi ya kupikia inapokaribia sehemu 2. Cheche inayotosha kuiwasha ni ndogo mno, hata mwili wa binadamu usingeweza kuihisi. Swichi ya kawaida hutoa cheche kila inapobonyezwa, iwe ni kuwasha au kuzima. Hali kadhalika soketi plagi inapochomolewa, jokofu linapojiwasha lenyewe, na mota ya pampu inapoanza kuzunguka. Kifaa kisicho na kosa lolote sebuleni huwa kiberiti pale gesi ilipovuja.

Mambo haya yaligharimu damu kujulikana. Tarehe 14 Oktoba 1913, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd huko Wales, gesi ililipuka na kuua wachimbaji 439. Miongoni mwa vyanzo vilivyoshukiwa ni cheche ya kengele za umeme zilizotumiwa kupashana ishara chini ya ardhi. Meneja wa mgodi alitozwa faini ya pauni 24. Ukizigawa pauni hizo kwa idadi ya maiti, utaona kwamba kila mchimbaji alithaminiwa kwa shilingi moja ya Kiingereza na senti kidogo. Hata hivyo, kutokana na msiba ule wanasayansi walichunguza ni kiasi gani cha umeme kinachoweza kuwasha gesi, na hapo ndipo elimu ya vifaa vya umeme visivyowasha gesi ilipopata msingi.

Elimu hiyo leo haina siri. Kila eneo lenye mafuta au gesi hugawanywa katika kanda tatu: mahali ambapo mvuke upo daima, kama ndani ya tangi, mahali unapotazamiwa kutokea kazini, na mahali unapoweza kutokea kwa nadra na kwa muda mfupi. Kila kanda ina vifaa vyake. Vipo vinavyotumia umeme dhaifu kiasi kwamba cheche yake haiwezi kuwasha kitu. Vipo vilivyofungwa katika sanduku la chuma lenye nguvu: gesi ikiingia na kulipuka humo ndani, mwali wake hupoa ukipita katika upenyo mwembamba wa mfuniko, na ukifika nje hauna tena uwezo wa kuwasha. Hapo ndipo uzembe mdogo unapokuwa jambo kubwa. Fundi akifungua sanduku hilo kisha akarudisha bolti tatu badala ya nne, au akatoboa tundu ili apitishe waya mwingine, sanduku limekufa. Kwa macho linaonekana zima, bali kinga imekwisha.

Sasa na tutazame kinachofanyika. Ukutani mwa kituo cha mafuta kuna tangazo kubwa: usivute sigara, usitumie simu. Tangazo hilo ni la haki, nalo liheshimiwe. Lakini yafaa kuuliza linamwonya nani. Linamwonya mpita njia aliyekaa hapo dakika tano. Halimwonyi mwenye kituo aliyefunga taa ya kawaida juu ya pampu, wala aliyevuta waya wa jenereta kupita juu ya mfuniko wa tangi, wala aliyemwita fundi wa bei rahisi asiye na leseni. Moto ukizuka, wa kwanza kutafutwa ni mvuta sigara. Swichi haihojiwi, na mwenye swichi hafikishwi popote.

Wapo watakaodai kwamba vifaa vya namna hiyo ni ghali, na kwamba nchi maskini haiwezi kufuata anasa za matajiri. Hoja hii husikika sana, nayo ni dhaifu. Kwanza, kinga iliyo bora aghalabu haina gharama yoyote: swichi na soketi huwekwa nje ya eneo la hatari; mitungi huwekwa nje ya jengo, mahali penye hewa, mbali na mitaro; taa ya kawaida huangaza kwa mbali. Anayepanga vizuri hununua vifaa vichache. Pili, mwenye mtaji wa kuchimba matangi na kusimamisha pampu hawezi kulia umaskini anapofika kwenye taa. Wapo pia wasemao kuwa wamefanya kazi miaka 20 bila moto. Miaka 20 hiyo inathibitisha tu kwamba uvujaji na cheche havijakutana bado.

Vilipokutana kwingine, matokeo yalionekana. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa kuhusu chanzo cha moto ule ni kwamba mtu alikuwa akijaribu kuchomoa betri ya gari. Wengi walilaumu tamaa ya mafuta ya bure. Wachache walitambua kwamba betri ya gari ni kifaa cha umeme. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, ikaua watu na kujeruhi mamia. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo pale yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023, na maofisa wa mamlaka ya mazingira walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kutoa kibali isivyo halali. Sheria ilikuwapo. Karatasi zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hapana na kusimamia neno lake.

Tanzania nayo haikosi sheria. EWURA hutoa leseni za biashara ya mafuta na gesi na za mafundi umeme. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua. Kwa hiyo mtumishi anayekwenda kukagua kituo hana udhuru. Na aulize: ramani ya kanda za hatari iko wapi? Kila kifaa kilichomo katika kanda hizo kina alama ya kuthibitishwa? Bolti zote zipo? Nani aliyekifungua mara ya mwisho, na leseni yake ni ipi? Mkaguzi anayehesabu ndoo za mchanga na kuondoka amekagua rangi ya ukuta.

Walimu nao wana sehemu yao, kwani jiko la shule sasa ni eneo la gesi. Gesi yenyewe haina harufu. Ile inayonukia huongezwa makusudi ili ionye. Kila mwalimu wa zamu, kila mpishi na kila mwanafunzi yampasa ajue la kufanya harufu hiyo inaposikika: asiguse swichi yoyote, asichomoe plagi, asiwashe tochi wala simu, afungue milango, afunge vali ya mtungi ikiwa inafikika kwa usalama, awatoe watu, na umeme ukatwe kutoka nje, mbali na gesi. Somo hili huchukua dakika kumi za gwaride la asubuhi. Shule inayolikosa haikukosa fedha, imekosa nia.

Malori yataendelea kupita Igawa, na mitungi itazidi kuongezeka majikoni. Hapana anayetaka yasimame. Kinachodaiwa ni kwamba kila sahihi katika fomu ya ukaguzi iwe na mtu nyuma yake, na moto ukitokea, aliyetia sahihi aitwe kabla ya mvuta sigara. Siku hiyo itakapofika, watumishi wengi watagundua ghafla kwamba kinga ilikuwapo siku zote.