Kura ya Gachoka Haihesabiwi Anniversary Towers

Siasa za uchaguzi zinapozungumzwa, Gachoka kama kwingineko nchini Kenya, husikika imani moja: tume ya uchaguzi ikipata mwenyekiti mwadilifu na makamishna safi, kura zetu zitakuwa salama. Imani hiyo ni potofu, na imetupotezea karibu miaka 20. Baada ya maafa ya uchaguzi wa 2007, tume ya Samuel Kivuitu yenye makamishna 22 ilivunjwa. Tukaletewa wapya 2009, wengine 2011 tume ya sasa, IEBC, ilipoundwa, wengine 2017, na Julai 2025 akaapishwa Erastus Ethekon na wenzake. Kila mara tumebishana kwa miezi kuhusu majina machache ya Anniversary Towers, makao makuu ya tume, ilhali maelfu ya maafisa wanaoshika kura kwa mikono yao huajiriwa bila wananchi kuuliza lolote.

Tazameni kazi inavyogawanywa. Katika kituo cha wapiga kura wasiozidi 700, msimamizi wa kituo na makarani wake ndio wanaomtambua mpiga kura, wanaompa karatasi na wanaohesabu. Msimamizi ndiye anayejaza fomu 34A ya urais na 35A ya ubunge. Kisha msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge hujumlisha yote na kumkabidhi mbunge mteule cheti chake. Katika Mbeere Kusini, jina ambalo eneo bunge la Gachoka lilipewa katika mipaka ya 2012, afisa huyo hupokea matokeo kuanzia Kiambere hadi Makima, na mezani pake hapana kamishna. Juni 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata matokeo ya urais yakishatangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Mahakama ya Juu. Septemba 1, 2017 ilipobatilisha uchaguzi wa urais, sehemu kubwa ya hoja ilihusu makaratasi: fomu zisizo na alama za usalama, nyingine zisizo na sahihi wala mihuri. Miaka mitano baadaye makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya urais hadharani. Kama tume ingekuwa ni makamishna tu, uchaguzi ule ungekufa siku ileile. Haukufa. Majaji walilinganisha fomu 34A zilizowekwa kwenye tovuti na zile halisi, hawakuona tofauti za maana, na Septemba 5, 2022 wakayathibitisha matokeo kwa kauli moja. Waliouokoa uchaguzi ule ni wasimamizi wa vituo, watu ambao majina yao hayajulikani.

Nitajibiwa kwamba bila makamishna mambo yalikwama kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Ni kweli, na majirani zetu wa Mbeere Kaskazini waliumia: mbunge wao Geoffrey Ruku alipoingia Baraza la Mawaziri 2025, kiti chake kilikaa wazi hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27. Muda wa kupitia upya mipaka ya maeneo bunge nao ulipita Machi 2024. Kamishna anahitajika ili uchaguzi uitishwe, lakini usahihi wa hesabu hautoki kwake. Katika uchaguzi mdogo huo wa Mbeere Kaskazini, mshindi alimpita mpinzani wake kwa kura zisizofika 500, pengo ambalo fomu chache zilizojazwa kizembe zinaweza kulifuta.

Wengine watasema maafisa huteuliwa na tume, kwa hiyo juu pakioza na chini pataoza. Lakini kamishna hutumikia miaka sita bila kurudi. Waajiriwa wa kudumu wa tume hubaki na kuwahudumia makamishna wa awamu inayofuata. Isitoshe, kanuni za uchaguzi zimetupa mlango: kabla ya kuteua wasimamizi, tume lazima ivipe vyama orodha ya wanaopendekezwa, siku 14 kabla, ili pingamizi zitolewe. Orodha hiyo itatoka tena kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Vyama viisome jina kwa jina, viulize kama yupo aliyejaza fomu vibaya 2022 na sasa anarudishwa kazini, na viandike pingamizi zao kabla siku hizo hazijaisha.