Maganda ya mayai hayazuii konokono, tumia taka za jikoni kama chambo

Masika haya simu yangu imejaa video moja ileile iliyotumwa na watu tofauti. Mtu anaponda maganda ya mayai, anayazungushia mche wa kabichi, halafu anasema konokono akipita hapo anachanika tumbo. Kila anayenitumia anauliza, "Afisa, hii kweli inafanya kazi?" Mimi nasema haifanyi kazi ya kutegemewa, na leo nataka nieleze kwa nini, maana nawafahamu vijana ambao wameacha kila kitu kingine na kutegemea maganda kulinda miche ya mkopo.

Tuelewane kwanza. Hapa nikisema konokono nawahesabu wote wawili, yule mwenye nyumba mgongoni na yule mlaini asiye na nyumba, ambaye jina lake la Kiswahili ni koa. Huyu wa pili ndiye mwenye hasara kubwa huku kwetu kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ambako bustani imepakana na migomba, mifereji na nyasi ndefu. Mchana hujificha penye unyevu, usiku hutoka kula. Wengi humchanganya na viwavi. Wanapulizia dawa ya wadudu mara mbili, mara tatu, na mashimo yanaongezeka. Koa si mdudu, na dawa nyingi za viwavi hazimfanyi kitu. Kabla hujatoa hela dukani, angalia jani asubuhi mapema: ukiona utepe wa ute unaong'aa, mwizi wako ni koa. Ukikuta vinyesi vidogo vya kijani au vyeusi katikati ya majani, hapo tafuta kiwavi.

Sasa ule ute ndio unaoharibu hoja ya maganda. Koa hatembei kwa ngozi kavu kama tumbo la nyoka, anatandika ute na kuteleza juu yake. Anapita hata juu ya makali ya wembe bila kukatika, sembuse ganda la yai. Jumuiya ya bustani ya Uingereza, RHS, iliwahi kupima jambo hili mwaka 2018 kwenye saladi zaidi ya 100. Walijaribu maganda ya mayai, utepe wa shaba, changarawe, magome ya misonobari na vidonge vya sufu. Mwisho wa jaribio, saladi zilizozungushiwa vitu hivyo zililiwa sawasawa na zile zilizoachwa wazi.

Tuseme bado unabisha. Sawa, tupige hesabu. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 inakupa miche kama 3,700. Ukitaka kila mche uzungukwe vizuri, weka maganda ya mayai manne tu, na hapo nimekuonea huruma. Hiyo ni mayai 14,800, trei 493. Wewe unalima kabichi au unaendesha mgahawa wa chipsi mayai? Hii ndiyo shida ya ushauri mwingi wa mitandaoni: umetungwa na mtu mwenye miche kumi nyuma ya nyumba, halafu unaletewa wewe mwenye mteja anayesubiri kreti. Maganda yako yasage, yapeleke kwenye mboji, yaishie hapo.

Jivu lina afadhali, lakini kwa masharti. Likiwa kavu humsumbua koa kwa sababu linanyonya ute wake. Likipata umande, mvua au maji ya kumwagilia linakuwa tope na kazi yake imekwisha. Na koa hutoka zaidi usiku wenye unyevu, yaani usiku uleule ambao jivu limelala. Kwa hiyo mimi nalikubali sehemu moja tu, kwenye kitalu chenye paa, pembeni ya tuta na si juu ya majani, tena lichungwe na kuongezwa. Liwe jivu la kuni au mkaa mtupu. Nyumba nyingi mkaa unawashwa kwa vipande vya plastiki, na jivu hilo sitaki kuliona kwenye mboga ya kuuza. Usilimwage pia mahali ulipoweka urea au SA muda si mrefu, kwani jivu likikutana na mbolea hizo, naitrojeni uliyoinunua kwa bei inapotea hewani kama amonia.

Kuhusu machicha ya kahawa, ukweli wake ni nusu. Watafiti wa Hawaii walichapisha mwaka 2002 kwamba maji yenye kafeini asilimia 1 hadi 2 yanaua koa. Ni kweli kabisa. Ila kikombe cha kawaida cha kahawa hakifikii hata asilimia 0.1, na machicha yameshakamuliwa. Chumvi ndiyo siitaki hata kuisikia. Inamuua koa, ndiyo, na inakuachia udongo ambao mboga yako itaulalamikia msimu mzima.

Je, taka za nyumbani hazina kazi? Zina kazi kubwa, ila watu wamezigeuza. Wanataka kumfukuza koa kwa kitu ambacho hakimtishi, wakati jikoni mna vitu anavyovipenda. Mwite, mkusanye, mmalize.

Chukua maganda ya tikiti, ya papai, nusu za chungwa zilizokamuliwa, au majani ya nje ya kabichi unayoyatupa sokoni. Jioni yapange yakiwa yamefunikwa kifudifudi, kila baada ya hatua mbili au tatu. Anza na pembeni, upande wa migomba, mfereji na nyasi, kwa kuwa huko ndiko wanakotoka. Vipande vya mgomba uliopasuliwa katikati vinafaa sana, ni mbinu ileile tunayoitumia kunasa fukusi wa migomba. Alfajiri, kabla jua halijapanda, geuza kimoja kimoja. Utawakuta wamejikusanya chini yake. Waangushe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Vaa glavu au tumia kijiti, kwani koa wanaweza kubeba minyoo inayofika hadi kwenye ubongo wa binadamu. Nawa mikono, na mboga ya kuliwa mbichi ioshwe vizuri.

Kuna sharti moja hapa ambalo watu huliruka. Ganda usiloliinua asubuhi ni chakula umewapelekea, na mchana ni nyumba umewajengea. Kama huwezi kuamka saa kumi na moja, au huna wa kumlipa aamke, usitege kabisa. Kwa robo eka naona watu wawili wanamaliza ndani ya saa moja. Iweke hiyo saa kwenye gharama zako za uzalishaji kama unavyoweka mbolea.

Mtego wa pili ni wa harufu ya chachu. Kata kitako cha chupa ya maji, kifukie ukiacha mdomo wake juu ya udongo kama sentimita mbili, ili wale mbawakavu wanaokula koa wasitumbukie ovyo. Weka masalia ya bia, au machicha ya mbege kwa waliopo Uchagani. Mwenye nyumba isiyotaka pombe akoroge unga wa ngano, maji na hamira kidogo aache uchachuke, koa wanaufuata vilevile. Mvua ikijaza mtego, mwaga uweke upya.

Muda wa kufanya haya ni wiki mbili kabla ya kuhamisha miche na wiki tatu za mwanzo shambani. Mche mdogo ukiliwa kiini usiku mmoja umekwisha, kabichi iliyokwisha kufunga inavumilia. Saladi ni habari nyingine. Mnunuzi wa hoteli akikuta koa mmoja ndani ya kreti anarudisha kreti nzima, na safari ijayo hapokei simu yako. Ukiwa na mkataba wa saladi, tega mpaka siku ya kuvuna.

Pamoja na mitego, mwagilia asubuhi badala ya jioni. Hili peke yake linapunguza sana mashambulizi, tena ni bure. Vuta matandazo mbali na shina wakati miche ni midogo, na fyeka kingo.

Zile punje za dukani zenye metaldehidi zinaua kweli, zinaua na mbwa, na Uingereza ilishazipiga marufuku kutumika nje mwaka 2022. Ukilazimika kununua chambo, uliza chenye fosfeti ya chuma, na hakikisha kimesajiliwa na TPHPA.

Wapo watakaoniandikia kwamba maganda ya mayai yaliwasaidia. Nawauliza mapema: wiki ile kulikuwa na mvua? Kukiwa kavu koa hatoki, hata ungezungushia karatasi ungesema imefanya kazi. Tenga matuta matatu yanayolingana. Moja weka maganda ya mayai, la pili tega maganda ya matunda na uyainue kila asubuhi, la tatu liache tupu. Yasigusane, yaachanishe kwa hatua kadhaa. Hesabu miche iliyoliwa kila tuta baada ya siku kumi zenye mvua, kisha nitumie namba hizo, pamoja na saa ulizotumia.