Makélélé hakupiga makelele

Jioni katika kartie ya Katoyi, komini ya Karisimbi mjini Goma, watoto wanacheza kabumbu juu ya udongo mweusi wa volkano. Uliza nani anataka kucheza mbele, mikono yote inapanda. Uliza nani atabaki nyuma kukaba, kimya. Kila mtoto anataka kufunga bao. Ndiyo maana historia ya Claude Makélélé inafaa kusimuliwa tena.

Mkongomani hahitaji kamusi kwa jina hilo. Kwa Kilingala kama kwa Kiswahili, makelele ni makelele. Lakini mwenye jina alijulikana kwa kazi isiyosikika: kukimbia, kuziba nafasi, kunyang'anya mpira na kumpa mwenzake wa karibu. Aliichezea Ufaransa mechi 71 bila kufunga hata bao moja.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 18 Februari 1973. Baba yake, André-Joseph, aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Zaire. Claude alifika Ufaransa akiwa mtoto mdogo, akalelewa kimchezo katika kituo cha mafunzo cha Brest. Mwaka 1991 klabu hiyo ilianguka kwa madeni. Nantes ikamchukua, na mwaka 1995 akawa bingwa wa Ufaransa. Alipitia Marseille na Celta Vigo kabla ya kuingia Real Madrid mwaka 2000. Huko alichukua ubingwa wa Hispania mara mbili, na Ligi ya Mabingwa mwaka 2002.

Kisha likaja funzo kubwa. Katika timu ya Zidane, Figo na Ronaldo, Makélélé alilipwa kidogo sana kuliko mastaa hao. Mwaka 2003 aliomba kuongezewa mshahara, wakubwa wakakataa. Real ilimnunua Beckham, ikamuuza Makélélé kwa Chelsea. Matokeo yalionekana uwanjani: Real haikupata tena ubingwa wa Hispania hadi 2007. Chelsea nayo, katika msimu wa 2004-2005, ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 38 na kuwa bingwa wa Uingereza. Ikarudia mwaka uliofuata. Leo nafasi ya kiungo anayekaba inaitwa kwa jina lake duniani kote.

Mwaka 2006 alicheza fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin, Ufaransa ikashindwa na Italia kwa penati. Alimalizia Paris Saint-Germain mwaka 2011.

Maisha baada ya viatu hayakuwa rahisi. Alianza kama msaidizi wa kocha hapo hapo Paris. Mwaka 2014 Bastia ilimpa timu, ikamfukuza baada ya miezi michache tu. Hakukimbia kazi. Alikuwa msaidizi Swansea, kisha akaiongoza Eupen ya Ubelgiji, ambayo mwaka 2018 ilinusurika kushuka daraja siku ya mwisho kwa hesabu ya mabao. Mwaka 2019 alirudi Chelsea kuwaongoza vijana. Aliyekuwa akiwabeba mastaa sasa alikuwa akiwabeba watoto.

Katoyi haina kituo kama cha Brest. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na kijana asiye na kazi wala masomo ni rahisi kuvutwa na bunduki. Kinachomshika mara nyingi ni mtu mmoja: kocha wa mtaa. Ndiye anayetafuta mpira, anayepatanisha watoto wakigombana, anayemuuliza mzazi kwa nini mtoto amekosa mazoezi. Halipwi, na siku ya sherehe jina lake halisomwi. Huyo ndiye namba sita wa kartie.

Real Madrid ilijua thamani ya Makélélé baada ya kumpoteza. Kartie isingoje hivyo. Kocha akichoka na kwenda kutafuta riziki kwa moto au chukudu, hakuna atakayepiga makelele; watoto watatawanyika tu, mmoja mmoja.

Mfanyabiashara anayeweza kununua jezi za fainali anaweza pia kumpa kocha kitu cha kila mwezi. Wakubwa wa vilabu, wanapokuja kuchukua kijana aliyeiva, wamkumbuke aliyempika. Na mzazi asimtoe mtoto shuleni kwa sababu ya mpira: Brest ilianguka Makélélé akiwa na miaka 18 tu. Yeye alipata klabu nyingine. Mtoto wa Katoyi, timu yake ikifa, atabaki na kile alichojifunza darasani.

Mabao yanahesabiwa na kila mtu. Anayeziba nafasi nyuma naye ahesabiwe, angali yupo.