PICHA UMEPIGA, HODI UMEPIGA?

Katika miaka ya 1970 mtalii wa Ulaya alipoinua kamera yake katika vichochoro vya Lamu au vya Mji Mkongwe wa Unguja, mama zetu walijifunika uso kwa buibui, na wazee waliokaa barazani wakamkaripia. Alikuwa mgeni, hajui mila, kwa hiyo nusu tulimlaumu na nusu tukamsamehe. Picha yake ilikwenda kusafishwa kwao, ikatiwa katika albamu, na jirani wa yule mama aliyepigwa hakuiona milele.

Leo ni nani anayeinua kamera katika kichochoro kile kile? Ni mimi na wewe. Ni mtoto wa Mombasa aliyekwenda Lamu, mtoto wa Tanga aliyevuka kwenda Unguja, mtoto wa Dar es Salaam aliyeshuka Kilwa. Huyu hawezi kusema kuwa hajui. Anaijua salamu, anaijua hodi, na pengine huyo mama anayempiga ni shangazi wa rafiki yake. Na picha yake haiendi Ulaya. Inarudi mtaani kabla ya yeye mwenyewe kufika kwenye kona!

Sitaki kuingia hapa katika hitilafu za wanavyuoni juu ya picha, ipi inafaa na ipi haifai. Jambo hilo lina mahali pake na lina wenyewe. Wala sikatazi watu kutembea nchi yao. Qur'ani inatuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame, na mtu anayeijua London kwa sinema lakini hajapata kuuona Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wallahi, amejidhulumu. Linaloniuma ni jingine.

Itazame nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo kila msafiri anaipiga picha. Mbele pana daka, wageni wakae. Ndani ya mlango pana tekani, kisha njia inapinda ndipo ufike kiwandani. Kwa nini inapinda? Ili mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, jicho lake liishie ukutani. Juu ya vichwa vyetu lipo wikio, lile daraja linalovuka kichochoro na kuunganisha nyumba na nyumba, jamaa wapitiane bila ya kushuka njiani. Mji huu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, na watu wanasafiri mwendo wa siku nzima kuja kuusifu. Wanasifu nini? Wanasifu stara! Kila jiwe, kila kona, kila nakshi wanayoipiga picha iliwekwa ili watu wa ndani wasitazamwe. Kisha tunakuja na simu zetu kuyasifu mawe na kuipasua ile stara ambayo kwa ajili yake mawe yalipangwa.

Nitakueleza yaliyonifika. Ilikuwa Mfungo Sita, Maulidi ya Lamu, mji umejaa wageni. Nyumbani kwa dada yangu mlango ulikuwa wazi kwa sababu masinia ya wageni yalikuwa yakitoka na kuingia. Mpwa wangu, msichana aliyeposwa, alifika mpaka tekani kumpokeza nduguye sinia la pilau. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, mtandio umeteremka mabegani. Nje amesimama kijana akiupiga picha mlango wa nakshi. Wallahi hakumkusudia msichana. Alikuwa akiutaka mlango. Kabla ya adhana ya Isha picha ile ilikuwa Mombasa. Usiku ikapigwa simu kutoka kwa jamaa za mposaji: je, huyu ndiye yule tuliyeambiwa ni mtu wa ndani?

Kijana tulimpata. Hakuwa mhuni; tuliswali naye safu moja. Aliona haya, akaifuta picha mbele yetu. Lakini alifuta iliyo mkononi mwake. Zile zilizokwisha kwenda, nani atazifuta? Posa haikuvunjika, alhamdulillahi, ila msichana alikaa siku nyingi hataki kufika hata dirishani.

Na wapo waliomlaumu yeye. Walisema angejifunika. Ajabu iliyoje! Mtu yumo ndani ya nyumba ya baba yake, anawapakulia wageni, kisha kosa liwe lake na aliyechungulia asiwe nalo? Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Mwenye kusimama mlangoni akatazama ndani kabla hajapewa ruhusa, amekwisha kuingia ingawa mguu wake uko nje. Na jicho la simu linaona mbali kuliko la kichwani, halisahau, na linawaita watu mia waje watazame pamoja nalo.

Atasema mtu: "Haya ni ya nyumbani, pwani je? Ufuo ni wa watu wote." Ndiyo, ufuo ni wa wote. Lakini nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, uwatazame akina mama wa mwani. Kazi hii ilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaoifanya ni wanawake. Wameinama majini, kanga zimekunjwa magotini, jua la kichwani, wanafunga mbegu kambani. Hapo huja msafiri, Muislamu mwenzao, akawapiga kwa nyuma kisha akaandika chini ya picha maneno ya kusifu uzuri wa nchi yake. Mama yako akiwa anafua uani, amejifunga kanga moja, ungempiga hivyo ukawatumia watu? Basi yule pale ana wanawe, nao wana simu.

Nami sijitoi. Niliwahi kumpiga picha mzee aliyekuwa akishona jarife ufukoni Malindi. Mwanga ulikuwa mzuri, jahazi lilikuwa nyuma yake. Hakunikasirikia. Aliinua kichwa akaniuliza, "Mwanangu, umenisalimu?" Nilikuwa sijamsalimu. Picha ile ninayo mpaka leo na sijapata kumwonyesha mtu.

Mwingine atasema picha ni kumbukumbu, na hapa namkubalia. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ikaua watu wawili. Leo picha za zamani ndizo zinazotuonyesha lilivyokuwa. Pigeni kuta, pigeni minara, pigeni magofu ya Gedi, mwaka 2024 nayo yametiwa katika urithi wa dunia. Nani amekataza? Ila msidhani kwamba bila ya picha hakuna kukumbuka. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Hakuwa na kamera. Habari za safari zake zilikamilishwa kuandikwa mwaka 1355, amekwisha kurudi kwao Morocco, na bado alikumbuka kwamba watu wa Mombasa wana kisima mlangoni mwa msikiti, na kwamba mtu haingii mpaka aoshe miguu na kuifuta kwenye mkeka. Alisimama, akatazama, akauliza. Wewe uliyerudi jana na picha mia nne, waweza kuniambia jina la msikiti mmoja uliouona?

Serikali nazo zimeliona jambo hili kwa njia yao: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Ni vizuri. Lakini sisi tulifundishwa hodi kabla ya kufundishwa kusoma, na inatia haya kungojea bunge litukumbushe. Kuomba ruhusa kunachukua muda gani? Salamu moja, na swali moja. Akikataa, umepungukiwa na nini?

Maulidi ya mwaka uliofuata nilifika tena kwa dada yangu. Mlango wa nakshi ulikuwa umefungwa, na masinia ya wageni yalipitishwa mlango wa nyuma. Pale mbele ya daka walisimama vijana watatu, wageni, wanaupiga picha.