Kahawa ya Asubuhi Mjini Dar es Salaam

Wengi wetu tuitwapo Dar es Salaam kwa kazi ya Serikali, kukipambazuka hutafuta hoteli yenye vitambaa vya meza. Hapo huletewa maji ya moto, kijiko cha kahawa ya kopo na mkate mkavu, na fungu kubwa la posho ya siku limekwisha. Mimi sioni faida yake.

Nawasihi wenzangu waamke mapema waende Kariakoo, mahali palipopata jina kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa vita vya 1914-1918. Vitumbua na viliwe vingali moto. Mbaazi za nazi kwa maandazi nazo si za kudharauliwa. Kisha mwite muuza kahawa. Utamjua kwa mlio wa vikombe avigonganishavyo mkononi, na dele lake la shaba juu ya makaa. Kahawa yake ni chungu, haina sukari. Utamu umo katika kashata.

Wako wasemao kwamba karani mwenye shati jeupe hafai kuonekana kwenye benchi la njiani. Haya ya nini? Mapadre waliipanda kahawa Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898, na Wahaya walikuwa wakitafuna buni hata kabla ya hapo. Wangapi miongoni mwetu walilipiwa ada ya shule kwa magunia yake! Leo tunanunua ya kopo ili tuonekane mabwana.

Tena benchini hapo huketi mhamali, fundi na mwalimu, na bei ya mchele utaijua kabla ya saa moja.